Mlango wa Nyuma wa Ghala

Machakos, 12 Machi 2024

Mjomba Zaki,

Assalaam aleikum. Natumaini saumu hizi za kwanza zimekuendea vyema huko kwenye joto. Huku kwetu mawingu yanashuka milimani kila asubuhi, na Mama anasema mwaka huu tutafunga kwa baridi. Yeye ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi analitaja kama mtu wa nyumbani: goti limekataa kwenda sokoni, goti linataka kulala. Nilimwomba akuandikie japo salamu za mkono wake, akasema mwenye kalamu katika nyumba hii ni mimi. Dada yangu Sumayya amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima.

Nilijaribu simu yako Januari na tena Februari. Bado umeizima. Si neno, posta ya Lodwar imeshazoea mwandiko wangu.

Sasa nina shida nataka unisaidie. Unajua kazi yangu ni kuwachapia watu barua na fomu pale kwenye saiba, lile duka la intaneti karibu na msikiti. Wateja wakipungua, naandikia kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea duniani kote. Huu ni mwaka wangu wa saba. Naandika kwa Kiswahili na Kiingereza, na kwa Kikamba pia, ingawa Kikamba bado kiko kwenye majaribio na wahariri tuko wanne tu. Mama huniuliza kazi hiyo ni ya nani. Nikimwambia ni ya kila mtu, hutikisa kichwa.

Mwezi jana nilimaliza makala kuhusu moto wa kiwanda cha magodoro kule Mavoko, ule wa Ijumaa, tarehe 16 Agosti 2019. Watu tisa walifia ghalani, na karibu miaka mitano imepita bila mtu kuandika hata mistari miwili mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kuisoma. Nimekuchapishia kurasa zote, zimo ndani ya bahasha hii. Anwani ya mtandao iko chini ya kila ukurasa, ukipata wa kukufungulia.

Kinachonisumbua ni mlango wa nyuma. Hakimu aliyechunguza vifo vile alisema mlango ulikwama kwa sababu ya joto. Walionusurika waliyaambia magazeti ulikuwa umefungwa kwa kufuli kutoka nje. Nimeweka maelezo yote mawili, kila moja na chanzo chake, ndiyo kanuni yetu. Lakini mimi mwenyewe sijui hata huo mlango ulikuwa wa namna gani. Wewe ulifanya kazi pale miaka kumi na mmoja, ingawa uliacha wiki mbili kabla ya moto. Ghala lilikuwa na milango mingapi? Huo wa nyuma ulifungukia nje au ndani? Sitakutaja popote. Nataka tu nielewe ninachokiandika.

Mpwa wako,
Zamzam


Lodwar, 14 Aprili 2024

Mwanangu Zamzam,

Waaleikum salaam. Idd njema, ingawa barua itakufikia Idd ikiwa imesahaulika. Huku tuliswali uwanjani, jua lilikuwa kali kuliko kawaida na khatibu akatuonea huruma, akafupisha. Mimi niko salama. Bado niko na yule mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, namuuzia misumari na mabati, na ninalala chumba cha nyuma cha duka. Nimefurahi kusikia Sumayya amepata mtoto. Hukunitajia jina lake. Mwambie mama yako goti alikande na mafuta ya simsim, asisimame sana.

Nimesoma ulichoandika. Nilisoma kwa siku tatu maana macho yangu sasa yanataka miwani na miwani yenyewe imevunjika mkono mmoja. Umeandika vizuri. Mahali pawili umekosea. Magodoro yale yalikuwa ya sponji tupu, hayakuwa na pamba. Na zamu zilikuwa mbili, si tatu.

Kwenye orodha ya waliokufa umemweka Urbanus wa kwanza. Kwa nini wa kwanza? Kwa alfabeti angekuwa wa mwisho.

Mvua imeanza huko? Huku tunaiona kwenye televisheni tu.

Mjomba wako,
Zaki


Machakos, 2 Mei 2024

Mjomba,

Assalaam aleikum. Mvua unayoiona kwenye televisheni imetukuta kweli. Mto Athi umefurika, kule Mavoko kuna watu waliohamishwa na magodoro kichwani, na hapa mjini maji yameingia hadi ngazi ya pili ya saiba. Tumeinua mashine zote juu ya meza. Mama ametumia mafuta ya simsim na anasema goti limeanza kusikia la kuambiwa. Mtoto anaitwa Fatuma. Nisamehe kwa kusahau.

Nimesahihisha sponji na zamu. Ahsante. Hukusema lolote kuhusu mlango, nadhani ulipitiwa.

Uliuliza kuhusu Urbanus. Majina nimeyapanga kama yalivyo kwenye kesi, ambako mkewe, Mutanu, ndiye mlalamikaji wa kwanza. Namfahamu vizuri. Huja saibani kila Ijumaa na bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye pembe, nami namchapia barua. Familia zinaomba uchunguzi ufunguliwe upya. Kinachowakwamisha ni kufuli. Wakili wao amewaambia wazi: kiwanda kinasema mlango haukuwahi kufungwa, na hakuna hata mtu mmoja aliyesimama akasema ufunguo ulikuwa na nani. Bila hilo, karatasi zao ni malalamiko tu. Mama mkwe wake yuko Masii, anaitwa Kavata, amezeeka, na kila Mutanu akienda kumwona humuuliza kama wamepata mwenye ufunguo.

Kwa hivyo nauliza tena. Wakati wako, mlango wa nyuma ulikuwa ukifungwa kwa kufuli mchana? Ufunguo ulikaa kwa nani?

Zamzam


Lodwar, 20 Juni 2024

Zamzam,

Salamu kwenu nyote. Tumechinja, tumekula, alhamdulillahi.

Nimechelewa kwa sababu ya kazi. Mzee wa duka aliumwa.

Hayo mambo ya kiwanda ningekuomba uyaache. Umeshaandika, inatosha. Waliokufa wamepumzika, na hakuna maandishi yatakayowarudisha. Kuna vitu vingi vya kuandika huko Machakos, andika kuhusu milima, andika kuhusu maembe. Mama yako anajua unaandika haya?

Zaki


Machakos, 15 Julai 2024

Mjomba,

Assalaam aleikum. Mama hajambo. Sumayya na mtoto hawajambo. Mimi sijui niko vipi.

Nilimuuliza Mama kama ulivyotaka. Alikuwa akichambua maharagwe. Mikono ilisimama, akasema bila kuinua uso, "Zaki alikuwa ameacha kazi wiki mbili. Nimeshakwambia. Usiniulize tena." Sikuwa nimemuuliza tarehe, Mjomba. Nilimwambia tu kwamba ninaandika kuhusu moto.

Halafu kuna hili. Tarehe 27 Juni mtu asiye na akaunti aliingia kwenye makala, ya Kikamba kwanza, kisha ya Kiswahili. Aliifuta sentensi ya walionusurika kuhusu kufuli, akaacha ile ya mlango kukwama kwa joto. Mambo haya hutokea kila siku, wala hayanitishi. Nilirudisha sentensi na kumwandikia ujumbe wa heshima, kama ninavyowaandikia wageni wote, kwamba asifute jambo lenye chanzo. Kesho yake akaifuta tena. Nikairudisha tena. Mara ya tatu aliandika sababu, kwa Kikamba: kwamba watu wasiokuwepo wasiseme.

Mtu asipokuwa na akaunti, mfumo huonyesha namba ya mashine aliyotumia, na namba hiyo inaweza kukuambia iko upande gani wa nchi. Mara nyingi huishia kusema Nairobi, basi. Hii ilisema Lodwar.

Nilifunga ukurasa, nikamhudumia mteja aliyetaka kurudufu kitambulisho, nikaufungua tena. Wanaosoma makala ile kwa Kikamba hawafiki kumi kwa mwezi. Anayejua anwani yake akiwa Lodwar ni mmoja, nami ndiye niliyempelekea.

Sijamwambia mtu. Nakuuliza jambo moja tu, na tafadhali usinijibu kwa habari za mvua. Uliacha kazi lini?

Zamzam


Lodwar, 11 Agosti 2024

Mwanangu Zamzam,

Baada ya salaam. Barua hii nimeianza mara nne na kuichana. Leo sitaichana hata ikiwa mbaya.

Sikuacha kazi. Siku hiyo nilikuwa zamu. Nilikuwa msimamizi wa ghala na ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa wangu.

Mlango ulikuwa ukifungwa kwa kufuli mchana tangu mwezi wa sita. Magodoro yalikuwa yakipotea kwa nyuma, na meneja akaniita ofisini akaniambia, "Zaki, funga huo mlango, na ufunguo ukae mfukoni mwako wewe." Nilimwambia watu wako ndani. Akasema wana mlango wa mbele. Sikubishana tena. Nimejiuliza mara nyingi kama ningebishana mara ya pili ingekuwaje, lakini ukweli ni kwamba sikubishana.

Ijumaa nilikuwa nikienda kuswali msikiti wa ng'ambo ya barabara kuu. Kila Ijumaa nilimwachia Urbanus ufunguo. Meneja hakujua. Urbanus alikuwa mtu wangu, tulikula meza moja miaka sita, alikuwa akinichekesha kwa kuigiza makarani. Sasa, Jumatano ya wiki ile magodoro mengine mawili hayakuonekana. Meneja alinitukana mbele ya watu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumshuku Urbanus moyoni, kwa sababu hakuna mwingine aliyeshika ufunguo.

Ijumaa nikivaa kofia, alikuja akanyoosha mkono kama kawaida. Akasema, "Niachie basi." Nikamwambia, "Leo hapana." Aliniangalia, akaelewa. Alirudi ndani kupanga magodoro.

Swala iliisha saa saba na dakika ishirini. Ningeweza kurudi. Nilikaa kwenye kibanda cha chai nje ya msikiti na watu wawili, tukazungumza habari za Idd iliyopita. Nilikuwa na hasira ya meneja na sikutaka kurudi upesi. Nilipoona moshi nilijua ni wapi kabla mtu hajasema.

Nilikimbia kwa upande wa nyuma. Bati la mlango lilikuwa limebadilika rangi. Walikuwa wakigonga kutoka ndani. Nilifika kama mita kumi, ufunguo mkononi, na joto likanisimamisha. Kuna watu wangefika karibu zaidi, Zamzam. Nimelifikiria hilo hapa Lodwar kila siku. Mimi sikufika. Halafu wakaacha kugonga.

Ufunguo niliutupa mtoni jioni hiyo nikivuka daraja.

Jumapili meneja alinipigia simu, nikamkuta hotelini. Alikuwa na barua tayari, inasema nimeacha kazi tarehe mbili Agosti, kwa hiari yangu, na ameshaweka sahihi. Akaniambia, "Wewe hukuwepo, na kufuli haikuwepo. Ndivyo itakavyokuwa salama kwako." Nilimweleza mama yako usiku uleule. Alilia, halafu akanifungia nguo kwenye begi. Usimlaumu. Alikuwa akimwokoa mdogo wake.

Simu niliizima kwa sababu ya Mutanu. Hakujua kitu. Alikuwa akinipigia kuniomba nimweleze mumewe alikuwa mtu wa namna gani kazini, ili amsimulie mtoto wao.

Ni mimi niliyefuta sentensi zako. Nilitaka mahali pamoja pawe pameandikwa kwamba ulikuwa ni moto tu.

Mjomba wako,
Zaki


Machakos, 24 Septemba 2024

Mjomba,

Waaleikum salaam. Barua yako ilinikuta tarehe kumi na tisa Agosti. Nimechukua mwezi mzima na zaidi kuijibu, nawe unajua kwamba si kazi iliyonizuia.

Familia ni wazima. Fatuma anaota jino.

Nitakueleza nilichofanya na nisichofanya. Kwanza, nimejiondoa kwenye makala. Kanuni yetu iko wazi: mtu haandiki kuhusu ndugu yake. Nimeandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba nina uhusiano wa kifamilia na mtu aliyefanya kazi kiwandani, na sitagusa makala hiyo tena kwa lugha yoyote. Jina sikutaja. Mwalimu mmoja mstaafu wa Morogoro ameichukua ile ya Kiswahili. Ya Kikamba imebaki hivyohivyo, maana wale wenzangu watatu huandika kuhusu mimea na mpira.

Pili, hata ningetaka, barua yako si kitu kwetu. Haijachapishwa, haijasemwa mbele ya mtu. Miaka saba nimekuwa nikiwafutia watu maneno kwa sababu hiyohiyo. Babu alisema, jirani aliona, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nikiyafuta kwa haraka na kujiona mwadilifu.

Tatu, sijamwambia Mutanu. Hili ndilo linaloniumiza. Ijumaa ya tarehe sita alikuja na bahasha yake. Wakili alitaka ombi jipya, la mwisho, kabla muda haujaisha. Alisimama nyuma ya kiti changu akinisomea nami nikichapa, kama siku zote. Akafika mahali akasema, "Andika: hadi leo hatujui ufunguo ulikuwa na nani." Vidole vyangu vilisimama. Akadhani sikusikia, akarudia. Nikachapa, Mjomba. Nilichapa uongo nikijua ni uongo, kwa jina la mwanamke aliyekuwa amesimama nyuma yangu akiuamini. Aliisoma yote, akaniambia Mungu anibariki kwa mikono myepesi.

Nimemwambia Mama kwamba najua. Aliendelea na kazi zake hadi Magharibi. Kisha akasema nikimtaja mdogo wake kwa mtu yeyote, basi nitafute nyumba nyingine. Kesho yake aliniwekea chai mezani kama kawaida, na hatujasemezana tangu hapo ila kuhusu chumvi na mtoto.

Sikulazimishi. Naogopa nikikulazimisha utakuwa umefanya kwa ajili yangu, na ukishikwa itakuwa ni mimi. Lakini siwezi kukwambia kwamba nimekuelewa na yamekwisha, kwa sababu Mutanu atarudi Ijumaa.

Hiyo barua ya meneja, ya tarehe mbili Agosti. Bado unayo?

Zamzam


Lodwar, 10 Novemba 2024

Zamzam,

Assalaam aleikum.

Barua ninayo. Ilikuwa ndani ya Kurani yangu miaka yote hii, mahali ambapo sikuwa nikifungua.

Nimezungumza na yule wakili wa familia. Nilipata jina lake kwenye zile kurasa ulizonitumia. Niliwasha simu nikampigia. Akaniuliza kama najua kwamba naweza kushtakiwa. Nikamwambia najua. Akaniuliza kwa nini sasa. Nilimwambia kuna mtu anachapa barua.

Mahakama imekubali kusikiliza tena. Nitakuja Januari, nitalala Mavoko kwa rafiki, sitapita nyumbani. Mwambie mama yako mapema, asisikie kwa watu. Na tafadhali usije mahakamani. Sitaweza kuyasema ukiwa umekaa pale.

Zaki


Machakos, 20 Februari 2025

Mjomba wangu,

Assalaam aleikum. Natumaini ulifika Lodwar salama, na kwamba kwenye kituo cha polisi wanakupokea kwa ustaarabu unapokwenda kuripoti. Wakili alinipigia kunieleza kwamba meneja ameitwa, na kwamba kuhusu wewe hakuna aliyeamua bado. Sumayya amekuombea dua. Fatuma anatembea kwa kushika kuta.

Sikuja mahakamani, kama ulivyotaka. Niliyasoma magazetini pamoja na watu wengine. Nilisoma kwamba ulisimama saa mbili nzima. Nilisoma jinsi wakili wa kiwanda alivyokuambia kwamba hukuwepo siku ile, na barua inathibitisha. Ndipo kikatolewa kitabu cha zamu, na sahihi yako ikaonekana tarehe kumi na nne Agosti, siku kumi na mbili baada ya siku unayodaiwa kuacha kazi. Gazeti liliandika kwamba uliulizwa kwa nini hukumwachia mwenzako ufunguo siku hiyo, na ukajibu ulimshuku wizi, naye hakuwa mwizi. Ungeweza kusema meneja alikukataza. Ilikuwa kweli pia, na ingekusaidia zaidi. Nimeliona hilo.

Siku iliyofuata mwalimu wa Morogoro aliiongeza kwenye makala. Mistari miwili, jina lako kamili, tarehe, chanzo. Kuna mahali amerudia neno "kwamba" mara mbili. Nililiona mara moja, nikaliacha.

Sasa nikueleze kuhusu Mutanu, kwa sababu ni haki yako kujua na hakuna mwingine wa kukuambia.

Alikuja Ijumaa iliyofuata. Sijawahi kumwona hivyo, alikuwa kama mtu aliyetoka kwenye homa. Hakuketi. Alinieleza yote kana kwamba sikuwa nimesoma: kwamba hakimu ameandika kwamba mlango ulifungwa, ameandika kwa mkono wake. Akasema yule mwanamume hakuwatazama alipokuwa akisema, alitazama sakafu, lakini alisema yote. Akasema alipofika kwenye mita kumi, akina mama wawili walitoka nje. Yeye alibaki.

Kisha akaniomba jambo. Alitaka niiandike habari hiyo kwenye makala ya Kikamba, ile ya mtandaoni, nimchapishie ukurasa ampelekee Kavata kule Masii. Yule mama hasomi lugha nyingine, na hataki kusomewa. Anataka aushike mwenyewe.

Nikamwambia siwezi.

Akacheka kidogo, akaniuliza tangu lini nimeshindwa na Kikamba. Nikamwambia hairuhusiwi, mtu haandiki kuhusu jamaa yake. Alidhani ninamsema yeye. Akasema mimi na yeye si ndugu, na kama tungekuwa ndugu yeye angefurahi. Kulikuwa na wateja wawili wakingoja. Nikasimama. Nikamwambia, "Zaki Abdalla ni mjomba wangu. Ni mdogo wake Mama."

Aliitoa bahasha mezani, akaishika kifuani.

"Ulijua lini?"

"Agosti."

Nilimwona akihesabu miezi. "Ombi la Septemba ni wewe uliyelichapa."

"Ndiyo."

"Nilikuambia andika hatujui, na ukaandika."

"Niliandika."

Wale wateja walitoka nje wenyewe. Mutanu alikaa kwenye kiti cha wateja, kile anachokikalia siku zote, akatazama mikono yangu kwa muda. Nilitaka kumweleza kuhusu Mama, kuhusu nyumba, kuhusu kungoja wewe useme mwenyewe. Kila nililolifikiria lilikuwa la kweli na hakuna lililofaa kusemwa.

Mwishowe akasema, "Basi niandikie kwenye karatasi tu. Hiyo hairuhusiwi pia?"

Niliandika kwa mkono, kwa Kikamba, ukurasa mzima. Niliandika amri ya meneja, na Urbanus kunyoosha mkono, na jibu lako. Niliandika chai. Niliandika kugonga, na kwamba kulikoma. Jina lako niliandika lote, na la babu, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Sikupunguza kitu kwa sababu yako, na nilichunga nisizidishe kwa sababu yake. Nimeandika makala zaidi ya mia nne, na hakuna niliyoiandika polepole hivyo. Alisoma mara mbili akiwa amesimama, akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akaondoka bila kuniaga.

Hajarudi. Siku hizi anachapiwa barua kwa Ann, mwenye saiba ng'ambo ya barabara. Ijumaa mimi humwona kupitia kioo. Nasikia Kavata anao ukurasa ule chini ya mto wake, na kwamba hamwachii mtu kuushika. Zaidi ya hapo sijui.

Ramadhani inaingia wiki ijayo. Nilimuuliza Mama kama tukualike Idd. Jana asubuhi aliniomba karatasi na kalamu, akaenda kukaa barazani. Sikumfuata. Adhuhuri alikuwa bado yuko pale. Alasiri aliniletea karatasi imekunjwa mara nne na kusema niitie ndani ya barua yangu, nisiifungue.

Niliifungua, Mjomba, nisamehe. Ameandika "Ndugu yangu Zaki, sisi hatujambo, sijui wewe," kisha ameweka mkato, na baada ya mkato hakuna kitu. Nimeikunja tena mara nne. Naituma hivyohivyo.

Zamzam